Mstari Uliovuka Godoro

Nilipowaacha, shemeji yangu alikuwa amesimama peke yake mbele ya msumeno, na hakuna hata mmoja aliyekubali kumshikia upande wa pili.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua tulifikaje hapo. Aliyeingia leo nampa kwa ufupi. Kiwanda chetu kinatengeneza magodoro. Kila tulipopanga kusimamisha kazi, wakubwa walijua kabla yetu. Tunafika getini asubuhi na hasira zetu, tunakuta vibarua wapya wamejipanga, wamevalishwa aproni zetu. Mtu anatuuza. Watu wakauliza ni nani, na jibu likafika kabla ya swali kumalizika: ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, maana alionekana akitoka ofisini kwa meneja.

Alikwenda kufanya nini? Mwenyewe alisema aliitwa apewe unyapara, akaukataa. Nani anaamini kwamba mtu mwenye viatu viwili visivyofanana amekataa unyapara?

Mimi niliamini. Nimekula naye miaka yote hii. Yule mtu akiokota kifungo barabarani anauliza ni cha nani.

Lakini wenzetu walishahukumu. Hawakumpiga wala hawakumtukana. Walifanya kibaya zaidi: waliacha kumshikia.

Bonge la sponji likitoka kwenye kalibu linakuwa na kimo cha kabati. Linasukumwa kwenye msumeno mrefu unaozunguka bila kupumzika. Mmoja anasukuma, mwingine anapokea na kulishika lisiyumbe. Ukiwa peke yako, bonge linainama, linavuta mkono wako liende nao. Mnyapara alimwona shemeji yuko peke yake, akasema, "Kazi ni kazi." Ndio lugha yao hiyo. Nimewasikia wakiisema tangu stoo ilipoungua na watu wakiwa ndani, na sisahau mimi.

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: ama nimsafishe shemeji jina, ama msumeno utamsafisha mikono.

* * *

"Wewe unashinda na mashine," mke wangu aliniambia asubuhi ile, anafunga kilemba cha kazini. "Ziulize basi."

"Mashine hazisemi, mama watoto."

"Hazisemi? Mbona nakusikia unagombana nazo kila siku? Mimi hujanigombeza hivyo tangu unipose."

"Wewe hujibu vibaya. Zile zinajibu."

"Haya. Zinajibu, kumbe." Akanikazia macho. "Yule ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni. Akikatwa kidole kimoja tu, usirudi hapa kunieleza habari za mapambano."

Mke wangu yuko idara ya gundi. Wanawake wa gundi hawabembelezi maneno. Ile harufu inaondoa kila kitu cha ziada.

Nikaenda kazini kichwa kinawaka. Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa kiwanda. Cheti sina. Nilijifunza kwa kufungua vilivyokufa, na vingine vilikufa mikononi mwangu. Nikakaa kwenye chumba cha mapumziko na chai yangu, nikajiuliza: mipango yetu yote tunaipangia wapi?

Hapa. Kwenye meza hii. Nikainua macho, nikaona ile skrini ukutani.

Ni skrini ya dole. Mtu akiingia zamu anabonyeza kidole gumba, inaandika kwamba amefika. Akitoka anabonyeza tena. Kutwa nzima inatutazama tukila, tukicheka, tukipanga. Moyo ukaniambia: hiyo ndiyo inayosikiliza.

Sasa nieleze, maana hapa ndipo kisa chote kilipo. Programu ya kompyuta ina makelele lakini haina mikono. Ikitaka kufungua faili, haiwezi kulifungua yenyewe. Ikitaka kusoma, kuandika, kutuma kitu nje, lazima ipige hodi kwa kiini cha mfumo na kuomba. Kila jambo ni ombi. Kama mgonjwa wodini: hata maji ya kunywa anaomba.

Na kipo chombo ambacho fundi anaweza kukikalisha pale mlangoni. Programu ikiwa inaendelea na kazi yake, chombo kinaandika kila ombi, mstari kwa mstari. Programu inaweza kukuonyesha uso wa upole kwenye skrini. Mlangoni huwezi kujificha. Kule utaonekana unaomba nini.

Saa ya chakula nilikiambatanisha na programu ya skrini ile. Mistari ikaanza kumwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Fungua. Soma. Andika. Funga. Watu wanabonyeza dole, mistari inakimbia.

Kisha nikaliona. Kila dole likibonyezwa, katikati ya mistari mingine, programu ilikuwa inaomba kufungua kifaa cha sauti.

Cha sauti! Mashine ya dole inataka sauti ya nini?

Niliruka chai ikamwagika kwenye suruali.

"Fundi!" Huyo alikuwa Mdomo Bakuli, wa idara ya kufungasha, yuko kwenye foleni. "Mashine yako imelala? Kidole changu kinaota mizizi hapa!"

Kweli ilikuwa imepunguza mwendo. Ukimwekea mtu mlinzi wa kumuuliza kila anapopita mlangoni, lazima achelewe. Foleni ilishafika nje, watu wanalaani. Sikujali. Nilikuwa nimepata nililokuwa nalitafuta.

Laiti ningejua kwamba hilo ndilo jambo baya kuliko yote linaloweza kumpata fundi.

* * *

Mwenyekiti wa kamati aliitisha watu stoo ya vipande, kule tunakotupia mabaki ya sponji. Mwenyekiti ni mtu mzima, mwembamba, anasema polepole, na akisema hata mashabiki wa mpira wananyamaza. Nilikuwa nimeazima projekta ya chumba cha mafunzo. Ukuta wa stoo ni mweusi kwa moshi wa ule moto, kwa hiyo tukasimamisha godoro jeupe la mtu mmoja, ambalo halijavishwa kitambaa, likawa pazia letu.

Nikawasha. Mistari ikatokea kwenye godoro, midogo kama sisimizi.

"Hatuoni!" wakapiga kelele wa nyuma.

"Fundi, kuza! Sisi wengine macho tumeyaacha kwenye gundi!"

Nikakuza. Nikakuza tena. Herufi zikawa kubwa kama vikombe. Mstari ulikuwa mrefu kuliko godoro, mwisho wake ukaangukia ukuta mweusi, haukuonekana. Nikaona si kitu. Neno lenyewe lilikuwepo, katikati ya godoro, nene: sauti.

Ndugu zangu, nilihutubia. Sina cheti lakini mdomo ninao. Nikawaambia wametuwekea sikio ukutani. Nikawaambia tunakula tukisikilizwa, tunacheka tukisikilizwa, tunapanga tukisikilizwa, na wakati huo sisi tunamtazama kwa jicho la pembe mwenzetu anayefanya kazi ya wawili kwa mikono miwili!

"Someni wenyewe! Kila dole, ombi la sauti. Kila dole!"

Stoo ililipuka. Watu walirusha vipande vya sponji juu kama harusi. Mwenyekiti akapasua kati ya watu, akamshika shemeji mabega.

"Mwanangu," akasema, "tumekukosea."

Mdomo Bakuli, ambaye wiki nzima alikuwa akimwita shemeji "Bwana Meneja", akavua kofia. "Kuanzia zamu ijayo nakushikia mimi. Hata ukitaka nishike na meno."

Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka. Alikuwa analia, anafuta machozi kwa kiwiko kwa sababu vidole vina gundi.

Shemeji alikuja hadi nilipo. Huwa hana maneno mengi.

"Shemeji, una uhakika?"

"Kama ninavyokuona hapa."

"Maana mimi naweza kuvumilia kusemwa. Kusemwa mara mbili ndio siwezi."

"Wewe kapumzike. Yamekwisha."

Hapo ndipo sauti ya kike ikatoka mlangoni, ya upole, ya mtu anayeomba pasi ya nguo.

"Samahani jamani. Mnaweza kuniongezea godoro moja?"

Tukageuka. Alikuwa dada mmoja mfupi, mkoba begani, viatu vya raba. Hatukumjua. Akajitambulisha: yeye ndiye injinia aliyeutengeneza mfumo wa dole. Kiwanda kilimpigia simu kwamba mashine imekuwa nzito, akaja kuangalia, akafuata kelele.

"Mpelelezi wao huyo!" mtu akapiga kelele.

"Niite utakavyo, kaka, lakini niongezeeni godoro. Lile moja ni fupi. Mistari ya fundi inaishia njiani."

Mwenyekiti akaashiria kwa kidevu. Vijana wawili wakaburuta godoro jingine, wakalisimamisha kando ya la kwanza.

Na mwisho wa mistari yangu ukatokea.

Nitawaambia ukweli ingawa unaniuma mpaka leo. Kila mstari wa chombo kile una vichwa viwili. Kushoto kuna ombi. Kulia kabisa, baada ya alama ya sawasawa, kuna jibu. Mlinzi wa mlangoni haandiki tu nani aliomba nini. Anaandika pia alichojibiwa. Hilo nalijua. Nimelijua tangu siku ya kwanza. Lakini nilipoona neno "sauti" damu ilinipanda, macho yakakataa kusogea mbele.

"Fundi," Injinia akasema, "sitaki waseme nimeleta maneno ya wakubwa. Wasomee wewe. Baada ya alama ya sawasawa pameandikwa nini?"

"Kutoa moja," nikasoma.

"Maana yake?"

"Maana yake..." Nilitazama chini. "Ombi limekataliwa."

"Kwa sababu gani? Imeandikwa hapo hapo pembeni."

"Hakuna kifaa cha namna hiyo."

"Na mstari unaofuata?"

"Kutoa moja."

"Na ule wa chini yake?"

Hapakuwa na haja ya kuendelea. Kutoa moja zilikuwa zimejipanga kwenye godoro la pili kuanzia juu mpaka chini, herufi kubwa kama vikombe, hata mzee wa mwisho kabisa aliziona. Nani aliyezikuza? Mimi.

Injinia akawageukia watu. "Programu inataka ilie 'ti' mtu akibonyeza dole, ajue limepokelewa. Kwa hiyo inaomba sauti. Inajibiwa hakuna. Inaendelea na maisha yake. Mashine zile hazina spika, hazina kinasa sauti, hazijawahi kuwa navyo. Zingekuwa navyo mngekuwa mnazisikia zikilia kutwa."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko kibaya, kikaambukiza.

"Kumbe fundi anasoma nusu nusu!"

"Amemtafutia shemeji yake mlango wa nyuma!"

"Kikulacho ki nguoni mwako, na wengine wamekuwa nguo nzima!"

Mdomo Bakuli akairudisha kofia kichwani taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba jua ni kali. "Ile habari ya kushika," akasema, hamtazami shemeji, "tuiache kwanza."

Mwenyekiti ndiye aliyeniumiza zaidi, kwa sababu hakupaza sauti. "Fundi, umetudhalilisha mbele ya mgeni. Wewe tutakuongelea siku nyingine. Huyu," akamwonyesha shemeji, "kengele ya zamu ikilia tunaamua moja. Kama hakuna jipya, afungashe virago vyake, hatutafanya naye kazi chini ya bati moja."

Shemeji alipita mbele yangu, akaenda zake kwenye msumeno. Tulisikia ukiwashwa.

Mke wangu alinitazama mara moja tu. Kisha akarudi kwenye gundi.

* * *

Nilikuwa nakunja nyaya za projekta, Injinia akabaki.

"Unangoja nini?" nikamwambia. "Umeshashinda. Nenda kachukue ujira wako."

"Sikuja kukuumbua."

"Hapana, ulikuja kutembea."

"Umesimama mbele ya watu mia kusema kazi yangu ni ya kipelelezi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mimi nikibanwa hukasirika. "Basi niambie nani anawapelekea wakubwa maneno yetu! Wewe si unajua kusoma mpaka mwisho?"

"Sijui." Akafikiri, anachezea kamba ya mkoba. "Lakini ulikaa kwenye mlango usio na kitu. Zile skrini ni madirisha tu. Kila kinachobonyezwa, iwe getini, iwe kwenye gundi, iwe kwenye msumeno, kinakwenda kwenye kompyuta kuu. Kama mfumo wangu unatumika kwa ushenzi, utaonekana kule."

"Na wewe unanisaidia kwa nini?"

"Nani kasema nakusaidia wewe? Kama kazi yangu imekuwa ya kipelelezi kweli, nataka nilijue mimi wa kwanza."

Tukaenda. Kompyuta kuu iko kwenye kichumba nyuma ya ofisi ya malipo, feni moja, joto la tanuri. Nikaketi mimi, yeye akasimama nyuma yangu. Nikaambatanisha chombo.

"Dirisha lote," akasema. "Usikuze."

"Nimesikia, dada."

"Na ongeza urefu wa maneno. Chombo hiki kina uchoyo, kinaonyesha mwanzo wa sentensi tu kisha kinaweka vidoti."

Nikaongeza. Tukakaa tunatazama. Watu walianza kutoka kwa mapumziko mafupi kabla ya zamu kuisha. Dole likibonyezwa, mistari inakuja kwa mpangilio ule ule: pokea, fungua faili la mahudhurio, andika, funga. Jibu, limekubaliwa. Mwingine, ule ule. Mwingine, ule ule. Kwa mbali tulisikia msumeno ukila sponji, unalia, unanyamaza. Kila uliponyamaza nilisubiri kelele za mtu.

Ghafla mpangilio ukavunjika.

Kutoka skrini ya idara ya gundi ilikuja pokea ambayo haikuwa ya dole. Ilikuwa ya namba. Baada yake programu haikufungua faili la mahudhurio. Ilifungua faili jingine.

"Hilo nalijua," Injinia akasema, akainama. "Ni kisanduku cha wanyapara. Niliwawekea waandike mashine ikiharibika, ujumbe uende moja kwa moja kwa meneja. Gundi mashine gani imeharibika?"

Mstari wa kuandika ukaja. Maneno yakajitokeza mbele yetu, herufi kwa herufi:

*Mkutano umevunjika. Fundi kaumbuka. Kengele ikilia wanamfukuza mtu wa msumeno. Wataachwa bila nguvu, wiki hii hawagomi tena.*

Safari hii nilivuta macho mpaka mwisho wa mstari. Alama ya sawasawa. Hakukuwa na kutoa moja. Limekubaliwa.

Nilipiga meza kwa furaha, wallahi nilipiga! Shemeji alikuwa kwenye msumeno, tulikuwa tunausikia kwa masikio yetu, na ujumbe ulitoka gundi. Mtu hawezi kuwa sehemu mbili. Amesafishika!

"Umeona? Umeona sasa?"

"Naona." Injinia hakuwa na furaha. Alikuwa ameweka kidole kwenye kioo. "Lakini hii namba iliyoingia ni ya nani? Mnyapara gani?"

Nikaisoma.

Nikaisoma tena.

Kuna kitu hufanywa na kila fundi wa kienyeji kama mimi. Mfumo ukifungwa kiwandani kwa mara ya kwanza, unajitengenezea namba ya kujaribia, yenye ruhusa zote, ili usisumbuke. Kazi ikiisha unatakiwa uifute. Mimi sikuifuta. Na nilikuwa na sababu: gundi inakula ngozi. Wanawake wa gundi vidole vyao gumba ni laini kama kijiko, mashine haiwatambui, na asiyetambuliwa anaandikwa mtoro. Mke wangu aliandikwa mtoro akiwa amesimama mbele ya mashine. Kwa hiyo nikampa ile namba, abonyeze tarakimu badala ya dole.

Nilimpa yeye. Yeye alimpa nani, sijui. Sikuwahi kumuuliza, na sasa naogopa kuuliza.

"Sijui ya nani," nikasema. "Nitaangalia."

"Angalia sasa."

"Nimesema nitaangalia!"

Akanitazama usoni. Mafundi tunajuana; uongo wa mmoja mwingine anauona kama panya anayekatiza chumbani.

"Ni yako," akasema.

Kengele ya zamu ikalia.

"Ni yangu. Lakini ulikuwa nami hapa. Mikono yangu umeiona."

"Nimeiona, na nikiulizwa nitasema hivyo hivyo. Wataniamini, si umeona leo?" Akatazama mstari tena. "Wewe utasalimika. Halafu watauliza ni nani mwingine anayeijua."

Nikaelewa, na joto lote la kile kichumba likanitoka mwilini. Nikisoma mstari huu na Injinia akanyamaza, mimi ndiye kibaraka. Nikisoma na Injinia akanitetea, kibaraka ni mke wangu. Nisiposoma, shemeji anatoka getini na jina la msaliti, na atakalokwenda nalo ndilo watakalorithi wanawe. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta.

"Usifute," Injinia akasema kwa sauti ndogo.

"Wewe una mume?"

"Usifute, fundi."

Miguu ikasikika nje. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mwenyekiti aliingia wa kwanza, nyuma yake Mdomo Bakuli, nyuma yao uso juu ya uso mpaka mwisho wa ukumbi. Shemeji alikuwa katikati yao, mfuko wa nguo zake za kazi mkononi. Mikono yake mizima. Nilihesabu vidole kwa macho, sikuweza kujizuia.

"Tumekuja kumaliza," Mwenyekiti akasema. "Tusikie kama una neno, tusije tukaambiwa hatukutoa nafasi."

"Hana kitu," Mdomo Bakuli akasema. "Atatuletea godoro la tatu."

Watu wakacheka. Shemeji akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kama anayeniambia acha, usijisumbue, nimeshazoea.

Kisha mke wangu akapenya. Alikuwa ametoka gundi moja kwa moja, vidole vinang'aa. Akasimama karibu kabisa na mimi, akaona mistari kwenye kioo. Akaona na uso wangu.

Nikamtazama machoni nikitafuta hofu. Mtu mwenye hatia angenikonyeza, angenikanyaga mguu, angesema twende nyumbani. Sikuona kitu. Au niliona hasira tu, na hasira ya mke wangu inaweza kufunika nyumba nzima; chini yake huwezi kujua kuna nini.

"Umepata," akasema. Halikuwa swali.

"Mama watoto, tutoke nje kidogo. Wewe na mimi."

"Nje kuna nini? Mdogo wangu amesimama hapa na virago. Umepata, soma."

"Tuongee kwanza."

"Tangu lini wewe unaongea kwanza?" Akawageukia watu. "Mnamwona? Kwenye mikutano mdomo mrefu, leo anataka faragha!" Akanirudia, sauti ikashuka, ikawa ile ya nyumbani. "Baba watoto, leo usinisomee nusu. Anzia mwanzo, fika mwisho. Kilichoandikwa kisome kama kilivyo."

"Chochote kile?"

"Chochote."

Mwenyekiti akavuta kiti, akakaa. Injinia akasogea kando ili kila mmoja akione kioo, na sikujua kama ananisaidia au ananizika.

Nikaweka kidole mwanzo wa mstari, kushoto kabisa, nikaanza kusoma kwa sauti. Namba yangu iko katikati.